Ofseti ya frikwensi kwenye DVB-T: pembe nimeipata, mbona TPS haisomeki?

Swali: Habari mtaalamu. Naandika programu ya kupokea DVB-T (TV ya dijitali ya antena), modi ya 8K (FFT ya sampuli 8192), chaneli ya MHz 8, gadi (kipande cha ziada mwanzoni mwa kila simboli) 1/4. Nakadiria ofseti (kosa la frikwensi) kwa kulinganisha gadi na mkia wa simboli, napata pembe kama radiani 1.2, narekebisha, lakini TPS (taarifa za mipangilio ya matangazo) haisomeki kabisa. Kuna wakati nikiwasha inasoma vizuri tu na sijabadili kitu. Shida ni kristali (saa) ya tyuna au hesabu yangu?

Jibu: Salama ndugu. Hesabu ya pembe iko poa, ila pembe yenyewe haikwambii yote, na hapo ndo watu wengi wanakwama.

Gadi ni nakala ya mkia wa simboli, kwa hiyo kati ya nakala na asili yake kuna sampuli 8192, yaani mikrosekunde 896, na ndani ya muda huo ofseti inazungusha fezi ya signo. Chukua 1.2 gawa kwa 2π unapata 0.191, zidisha na nafasi ya keria (mawimbi madogo yanayobeba data) moja hadi nyingine ambayo kwa 8K ni Hz 1116, unapata kama Hz 213. Sawa kabisa. Ila sasa ofseti ya 213, na ya 213 jumlisha 1116, na ya 213 jumlisha mara mbili ya 1116, zote zinakupa pembe ileile, maana mzunguko mzima hauonekani. Halafu angalia kristali: ya ppm 30 (sehemu 30 kwa milioni) ukiwa MHz 600 inaweza kukosea mpaka kHz 18, hiyo ni kama keria 16 upande wowote. Kwa hiyo umerekebisha desimali tu (kipande cha keria moja), namba nzima (idadi ya keria kamili) bado ipo, na zile mara inazosoma ni kwamba namba nzima imeangukia sifuri yenyewe.

Kabla ya kwenda mbele hakiki alama (jumlisha au toa). Ukisharekebisha pima pembe tena, inatakiwa iwe karibu na sifuri, ukikuta 2.4 ujue umezungusha upande usio sahihi.

Namba nzima unaitafuta baada ya FFT (hesabu inayotenganisha keria). Kwenye 8K kuna pailoti (keria za marejeo zinazojulikana) za kudumu 177, ziko kwenye keria zilezile kila simboli, thamani haibadiliki na ukubwa wake ni 4/3 ya kawaida. Chukua simboli mbili zinazofuatana, kila keria izidishe na konjugeti (namba changamano yenye pembe iliyogeuzwa alama) ya keria hiyohiyo ya simboli iliyotangulia. Kwenye pailoti majibu yote yanaelekea upande mmoja, kwenye data yanaelekea kokote. Sasa chukua jedwali la nafasi za pailoti ulisogeze kuanzia -20 mpaka +20, kila hatua jumlisha zile 177, chukua ukubwa wa jumla (ukubwa tu, pembe achana nayo kwa sasa), penye kilele ndo namba yako. Nafasi za pailoti hazijapangwa kwa mpangilio sawa, kwa hiyo kilele cha kweli kinajitenga vizuri na vingine, na kama hakijajitenga usilazimishe, ongeza simboli nyingine kwenye jumla. Kizuri cha njia hii ni kwamba kosa dogo la kuanzia FFT halikusumbui, kwa sababu linaharibu simboli zote mbili sawasawa na konjugeti inalifuta.

Kuna mtego mmoja nauona sana. Ofseti ikiwa karibu na nusu ya keria, kelele inafanya makadirio yaruke, simboli hii +0.49, inayofuata -0.49, ukichukua wastani wa pembe unapata sifuri ambayo ni uongo mtupu. Usifanye wastani wa pembe kamwe! Jumlisha namba changamano zenyewe kwa simboli kadhaa, halafu pembe unaitoa mwisho mara moja tu. Na usipime desimali upya katikati ya kutafuta namba nzima, ishikilie palepale, la sivyo inaruka upande wa pili na namba nzima inakosea kwa moja.

Kingine angalia DC (kiwango kisichobadilika) ya ADC (kigeuzi cha signo kuwa namba). DC haizunguki, kwa hiyo korelesheni yake (ule ulinganisho wa gadi na mkia) ina pembe sifuri, ikiwa kubwa inavuta makadirio yako yote kuelekea sifuri, unaona ofseti ndogo kuliko iliyopo. Itoe kwanza kabla ya korelesheni.

Kuhusu kurekebisha, zungusha sampuli kwa NCO (kizalishi cha wimbi cha kidijitali) kabla ya FFT, na fezi ya NCO iendelee toka simboli hadi simboli bila kuanza upya, gadi nayo ihesabiwe. Kuna wanaosogeza tu keria baada ya FFT kwa namba nzima, inakubali, ila kwa gadi 1/4 kila keria moja uliyosogeza inaacha mzunguko wa digrii 90 kwa kila simboli, na TPS ni DBPSK inayolinganisha simboli na iliyotangulia, kwa hiyo inakufa hapohapo hata kama pailoti zimekaa mahali pake.

Ukishashika usiache kufuatilia, maana tyuna ikipata joto kristali inahama. Mabaki ya 0.1 ya keria peke yake yanaleta mwingiliano wa keria ulio desibeli kama 15 tu chini ya signo, 64-QAM (njia ya kubeba data kwa pointi 64) haivumilii hiyo, jitahidi ushuke chini ya 0.02, yaani Hz 22 hivi. Kama kristali hiyohiyo ndo inaendesha ADC, ppm 30 zile pia zinanyoosha sampuli, keria za pembeni kabisa zinahama kama 0.1. Tofauti ya fezi ya pailoti kati ya simboli mbili inakupa vyote: wastani wa nusu ya kushoto na ya kulia ni mabaki ya ofseti, tofauti ya nusu hizo ni saa ya sampuli.

Anza na lile jedwali la 177. Kilele kikitokea wazi na TPS bado haisomeki, nenda moja kwa moja kwenye fezi ya NCO.