Kupima mtaa unaobadilika Dar: anza na milango, achana na mapaa

Mkuu, umesema mmepewa kazi ya kupima matumizi ya ardhi na wakazi kwenye mtaa mmoja pembeni ya Morogoro Road, mna picha ya satelaiti na dodoso la maswali 60, na hamjui muanzie wapi. Hiyo kazi nimeifanya Magomeni, nilianza kama karani baadae nikawa nasimamia wenzangu, kwaiyo nakujibu kwa nilichokiona. Itakuwa ndefu, nivumilie.

Picha ya satelaiti mnaihitaji, ila isiwadanganye. Kule juu unaona bati moja lenye kutu unaandika makazi, nyumba moja, unasonga mbele. Sasa shuka chini uingie. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni tunaijua, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani choo, jiko na stoo. Kuna moja tuliingia, kibaraza cha mbele kimebomolewa zimetolewa fremu tatu, moja wakala wa pesa za simu, moja saluni, ya tatu vipuri vya pikipiki, chumba kimoja cha mbele kimekatwa nusu kimekuwa stoo ya yule wa vipuri, kule nyuma kwenye stoo ya zamani wanalala vijana wawili wa bodaboda na uani kuna mama anapika wali na maharage anapeleka kituoni saa sita. Bati ni lile lile la miaka yote! Kwenye hati kile ni kiwanja cha makazi basi. Ndio mana nasema Dar mtaa unabadilika kwa ndani kwanza, ghorofa linakuja mwishoni kabisa, na ukisubiri kuliona ghorofa kwenye picha ujue watu walishahama zamani.

Kwaiyo sisi tuliacha kuhesabu nyumba tukahesabu milango. Kila mlango unaofungwa kwa kufuli yake una mstari wake kwenye fomu: unatumika kwa nini mchana, unatumika kwa nini usiku, nani analipa kodi na anamlipa nani. Ukifanya hivyo utaona saluni ambayo saa nne usiku inatandikwa godoro dada anayesuka analala humo humo. Hiyo ni biashara au makazi? Ni vyote, andika vyote, usimlazimishe mtu kwenye kisanduku kimoja kwa sababu fomu yako ina kisanduku kimoja.

Kwenye kaya ndio makarani wengi wanakosea, na wiki ya kwanza tulikosea wote. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Ukiuliza "humu mna familia ngapi" mwenye nyumba atakwambia moja, yaani ya kwake, wapangaji kwake ni wapangaji tu. Tulirudia nyumba zote za wiki ile, safari hii tunauliza "humu majiko mangapi yanawaka jioni" na hesabu ikabadilika kabisa, nyumba tuliyoiandika kaya moja ikawa na majiko matano, mawili yapo koridoni kabisa yamewekwa juu ya tofali. Lile swali la jiko lilitusaidia kuliko dodoso zima.

Mita za umeme za LUKU nazo zinaongea sana, nyumba ikianza kugawanywa mara nyingi mita zinaongezeka ukutani na ile iliyofungwa karibuni unaiona tu, plastiki bado nyeupe. Ila mkuu hapa uwe makini. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, sasa mgeni mwenye kalamu anayesimama anaangalia mita anaonekana katumwa na watu wa kodi. Kuna bibi mmoja tulimwamkia, "shikamoo bibi", akaitikia "marahaba wanangu" vizuri tu, mwenzangu akanyoosha kidole ukutani anahesabu, bibi akasimama mlangoni akasema "mmekuja kutuhesabia mita mtuongezee kodi, sina cha kuwaambia". Na alikuwa na haki, ile ni nyumba yake na hakuna aliyemweleza kitu. Tukaondoka. Kesho yake tulirudi na mjumbe wa pale, tukakaa kwenye mkeka, tukamsomea barua yote, nani ametutuma, majibu yanaenda wapi, na kwamba jina lake halitaandikwa popote. Hilo la jina sio hisani, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za mtu hazichukuliwi kiholela.

Kuhusu vibali sisemi mengi, barua ya chuo au taasisi inaanzia mkoani, wilayani, kata, inaishia kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti. Usiruke hata mmoja, na ukifika mtaani omba wakupe mtu wa kutembea nae anayefahamika pale.

Kingine kinachoharibu kazi ni kulinganisha namba za sensa bila kuangalia mipaka. Mtu anachukua Kinondoni ya 2012 watu 1,775,049, anachukua Kinondoni ya 2022 watu 982,328, anaandika kwenye ripoti kwamba watu wamekimbia Kinondoni. Hawajakimbia! Hapo katikati Ubungo ilimegwa ikawa wilaya yake, na yenyewe 2022 ina watu 1,086,912, jumlisha hizo mbili utaona watu wameongezeka. Kwa Temeke na Kigamboni ni hivyo hivyo, hata kata na mitaa inagawanywa. Kwaiyo kabla hujalinganisha chochote muulize mtendaji mtaa wake ulianza lini kuwa na mpaka huu na ulikatwa kutoka wapi. Halafu kumbuka sensa inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, kwaiyo yule mwenye fremu anayeshinda Magomeni kila siku na kulala Kimara, kwenye namba za Magomeni hayupo. Ndio mana inabidi mpite mara tatu, asubuhi siku ya kazi, usiku baada ya saa mbili, na Jumapili. Sisi mtaa wa saa nne asubuhi na mtaa wa saa tatu usiku ilikuwa kama mitaa miwili tofauti.

Kwenye maghorofa msiogope, mnapanda floo kwa floo mlango kwa mlango, kama zile za Magomeni Kota za kaya 644 zilizozinduliwa Machi 2022. Kazi ngumu ipo kwenye nyumba za chini.

Sasa dodoso. Maswali 60 ni mengi mno ndugu yangu, mama ana sufuria jikoni na mtoto mgongoni, ikifika swali la 20 anakujibu ilimradi uondoke. Sisi tulibakisha 15. Matatu niliyoyapigania mimi ni haya: umehamia lini hapa, umetokea wapi, na kabla yako chumba hiki alikuwa anakaa nani. Hili la tatu watu wanalidharau ila ndilo linalokuonyesha mtaa unaelekea wapi, mana dodoso linamkuta aliyebaki tu, aliyeondoka halimkuti, na kwenye mtaa unaobadilika aliyeondoka ndio habari yenyewe. Tulikuta chumba walikaa mume, mke na watoto wanne, sasa anakaa kijana mmoja anayefanya kazi Kariakoo na amelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Huyu wa sasa utamwandika vizuri kabisa, umri, kazi, kipato. Wale sita je?

Nilipouliza kwanini waliondoka majibu yalikuwa mawili matatu tu yanajirudia. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 wenye fremu walitaka kukaa karibu na vituo na kodi za vyumba zikapanda. Au mzee alifariki, watoto wakashindwa kugawana nyumba ya vyumba sita, ikauzwa au wakaingia ubia na mtu wa ghorofa, wapangaji wakapewa notisi.

Yule bibi wa mita ndiye aliyetusaidia mwishoni. Alikuwa na daftari la kodi la miaka mingi, jalada limefungwa na raba, ndani majina ya wapangaji wake na namba za simu za wengi wao. Hakutupa daftari na hatukuliomba. Alichukua simu yake akawapigia mmoja mmoja, "mwanangu, kuna vijana hapa wanauliza mlihamia wapi, unaridhia uongee nao?" Wanane waliridhia. Chanika, Kivule, Mbagala, Goba, Chanika tena, mmoja Mlandizi kabisa. Mama mmoja kati yao bado anakuja Magomeni kila siku na daladala mbili, anauza vitumbua nje ya nyumba aliyokuwa amepanga. Tulishampita mara tatu na kumwandika kama mfanyabiashara wa barabarani.