Kabla ya Kuongezewa Dawa ya Sainasi, Omba Pua Itazamwe Ndani

Kila ifikapo Julai, baridi inapokaza Nairobi na abiria wakafunga madirisha ya matatu, kliniki ya masikio, pua na koo ninakofanya kazi kama afisa wa kliniki hujaa watu ambao tayari wamejipa jina la ugonjwa. "Daktari, nina sainasi," huniambia, kisha hutoa mkobani antibiotiki walizouziwa bila mtu yeyote kuwatazama puani. Mafua ya siku chache siyazungumzii, kwa kuwa kwa kawaida hupona yenyewe. Pua iliyokusumbua kwa majuma, hata hivyo, iombee ichunguzwe ndani, pande zote mbili, kabla hujaongezewa dawa nyingine.

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Chumba cha shavuni ndicho chenye taabu zaidi, kwa sababu mlango wake uko juu, mithili ya tangi la maji lililotobolewa karibu na kifuniko, hivyo ute hautiririki wenyewe bali husukumwa na vijinywele visivyoonekana kwa macho. Mlango huo, pamoja na ule wa paji la uso na ile ya vyumba vya mbele vya kati ya macho, hufunguka katika mfereji mmoja mwembamba ulio chini ya kifupa cha katikati miongoni mwa vile vitatu vilivyojipinda kwenye ukuta wa pembeni wa pua. Uvimbe mdogo tu mahali hapo hutosha kuziba vyumba kadhaa kwa pamoja, na usaha unaochungulia hapo humwambia mchunguzi mengi kuliko maumivu ya kichwa, ambayo mara nyingi huwa ni kipandauso.

Kabla ya kuja, jiangalie ni upande gani unaoziba. Kuziba kunakohamahama, mara kulia mara kushoto, mara nyingi hakuna ubaya wowote, kwa maana utando wa pua hujaa damu na kunywea kwa zamu katika watu wengi wenye afya. Upande mmoja usiobadilika, hasa ukitoa damu au harufu mbaya, ndio unaonifanya niketi wima. Nitaukagua mdomo pia, kwa kuwa mizizi ya magego ya juu hukaribiana sana na sakafu ya chumba cha shavuni, na jino lililooza linaweza kukijaza usaha.

Uchunguzi wenyewe si wa kuogofya. Huanza nje kwa kutazama kama pua imepinda, kisha ncha yake huinuliwa kwa kidole gumba, na kipande cha chuma baridi huwekwa chini ya matundu ili ukungu wa pumzi ulinganishwe. Ndipo hutumika spekula, kifaa cha kupanulia tundu la pua, na taa ya kichwani. Ukuta wa kati hukaguliwa kama umepinda, na sehemu yake ya mbele kama ina mishipa iliyochubuka, maana damu nyingi ya pua hutoka hapo. Wengi huambiwa wana "nyama za pua" ilhali kilichoonekana ni kifupa cha chini kilichovimba: hicho huwa na rangi ya waridi na huuma kikiguswa, lakini polipu, yaani nyama za pua zenyewe, huwa ya kijivujivu, husogea, na mgonjwa hahisi kitu. Tafadhali usipulize dawa ya kufungua pua asubuhi hiyo, kwa sababu hunywesha uvimbe tunaotaka kuuona. Na kwa vyovyote, ukiitumia zaidi ya juma moja, yenyewe huanza kuziba pua.

Ikibidi, tutaingiza endoskopu nyembamba, kifaa cha kutazamia ndani ya pua, baada ya kunyunyiza dawa ya ganzi, ambayo ni chungu na hulifanya koo lihisi kama limevimba kwa muda. Usiikatae. Ndiyo inayofika nyuma ya pua, mahali panapoota saratani ambayo Kenya si ngeni, na ambayo dalili yake ya kwanza huweza kuwa uvimbe shingoni au sikio moja lililoziba kwa mtu mzima.

Eksirei ya kawaida ya uso ni fedha iliyopotea kwa wagonjwa wengi. Skani ya CT ina faida kubwa, ila kwa wakati wake, kwa kuwa hata mafua ya kawaida huacha alama zake katika picha.

Mtoto mdogo anayetoa usaha wenye harufu katika tundu moja hahitaji antibiotiki kwanza, bali mtu wa kumtafutia shanga, harage au kipande cha sponji alichojitia. Usikichokoe kwa pini ya nywele, kwani kitasukumwa ndani zaidi. Ukishuku kuwa ni betri ndogo ya saa, mlete siku hiyo hiyo, hata usiku, kwa sababu huunguza ukuta wa pua ndani ya saa chache.