Mjomba, wewe na Trump vipi?

Lancaster, Pennsylvania, Oktoba 2024

Marahaba, mpwa wangu. Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu: mara mbili nikiwa barabarani, na mara ya tatu nimeegesha lori ili nicheke vizuri. Nyuma yako nilimsikia kaka mkubwa akikuchochea, "Muulize huyo, muulize!" Basi nakujibu, na yeye umsomee kwa sauti, maana najua miwani yake bado haijatengenezwa.

Umeuliza hivi: mimi Mwafrika, mhamiaji, niliyekuja kwa bahati nasibu ya green card ambayo Trump amekuwa akitaka ifutwe, nawezaje kuandikishwa Republican? Halafu ukauliza, kwa adabu lakini nimekuelewa, kama Marekani imenigeuza.

Haijanigeuza. Nilipofika hapa mwaka 2004 sikujua tofauti ya vyama hivi viwili. Nilikuja na yale niliyokulia Machame, Kilimanjaro: mimba ni mtu, ndoa ni ya mume na mke, Jumapili ni kanisani, deni ni aibu, na serikali ikikuletea kitu cha bure kigeuze chini juu kwanza. Baba hakufundishwa mambo hayo na Mmarekani yeyote. Ila ukiyasema hapa Pennsylvania unaitwa mhafidhina, na mhafidhina anajulikana chama chake. Ninyi nyote hapo kwa kaka, mkiwa mmezunguka pombe ya mbege, mkihojiwa jambo mojamoja bila kutajiwa mgombea, mtatoka Republican kunishinda mimi. Mkitajiwa majina mnamshangilia Kamala Harris wa Democrat. Mwaka 2008 ilikuwa hivyohivyo kwa Obama, na mimi sikuwa na uraia wala kura ya kuwabishia.

Hata kanisa lilinisukuma upande huo. Nilianza kusali kwa Walutheri wa hapa ambao ni washirika wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania. Mwaka 2009 mkutano wao mkuu ukaruhusu wachungaji wanaoishi na wenza wa jinsia moja. Mwaka uliofuata maaskofu wetu wakatoa tamko lao Dodoma kupinga ndoa za namna hiyo. Nililisoma mara mbili, na Jumapili iliyofuata nikahamia kanisa jingine. Watu wale walinipokea vizuri, walinipa koti la baridi na kitanda. Sikuondoka kwa hasira.

Halafu alikuwapo George W. Bush. Wewe ulikuwa mdogo, lakini kaka anakumbuka Februari 2008 alivyokuja Arusha akaingia kile kiwanda cha vyandarua. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ulianza mwaka 2003 chini yake, ukibebwa na watu wa makanisa wa chama chake. Kwenye ukoo wetu kuna watu leo wanalima na kusomesha kwa sababu ya vidonge vile, siwataji, mnawajua. Kwangu mimi uhafidhina ulikuwa ndio huo: mtu anayeamini kuwa uhai ni wa Mungu, akatoa fedha kwa ajili ya uhai wa mtu wa wilaya yetu ya Hai asiyemjua.

Sasa tuje kwa Trump, maana ndilo swali lenyewe.

Kura za maoni za 2016, zile za chama kuteua mgombea, sikumpa. Nilimpa Kasich, gavana wa Ohio. Ilipofika Novemba nikampa, na sababu yangu ilikuwa moja: Jaji Scalia alikuwa amefariki na kiti chake Mahakama ya Juu kilikuwa wazi. Nilijiambia naajiri fundi, simwozi binti yangu. Fundi akafanya kazi. Aliteua majaji watatu, na tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyo ikaifuta ile hukumu ya 1973 iliyofanya utoaji mimba kuwa haki nchi nzima. Mnaponiuliza nilipata nini, nilipata hicho, na sioni haya kukitaja.

Nililipa nini? Januari 2018 aliripotiwa kuziita nchi za Afrika kwa neno la chooni. Yeye alikana kulitumia. Asubuhi ile nilikuwa napakia mzigo, mpakiaji Mzungu akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko neno. Lakini 2020 nikampa tena. Nasema ukweli, sitaki mnisikie mtakatifu.

Kilichonitoa ni tarehe 6 Januari 2021. Nilikuwa kwenye kituo cha malori, madereva tumesimama chini ya televisheni, kahawa zinapoa mikononi. Trump alikuwa ameshindwa na Joe Biden, na wafuasi wake wakavamia bunge. Watu walijenga jukwaa la kunyongea nje na wengine wakaimba anyongwe Mike Pence, Makamu wa Rais wa chama chao wenyewe, kwa kosa la kuhesabu kura kama sheria inavyosema. Kesi zaidi ya 60 za kupinga matokeo zilikuwa zimefunguliwa mahakamani na karibu zote zikashindwa. Mpwa wangu, mhafidhina ni mtu anayehifadhi, ndiyo maana ya neno lenyewe. Ukivunja madirisha ya bunge kwa sababu umeshindwa, unahifadhi nini? Dereva mmoja pembeni yangu alisema, "Wamezidi." Mwingine akamjibu kwamba bado kidogo. Nikarudi kwenye lori langu.

Mwaka huu kwenye kura za maoni nilimpa Nikki Haley, binti wa Masingasinga waliotoka Punjab, aliyekuwa gavana wa South Carolina na aliyesaini sheria ya kuishusha ile bendera ya watetezi wa utumwa mwaka 2015. Pennsylvania ilipopiga kura Aprili alikuwa ameshajitoa tangu Machi. Hata hivyo watu zaidi ya 150,000 tulimpigia. Nchi nzima inajua jimbo hili ni roho ya uchaguzi: lina wajumbe 19 wa kumchagua Rais, na wanaotakiwa ili kushinda ni 270, na 2020 Biden alilichukua kwa kura kama 80,000 tu. Kwa hiyo kura 150,000 zilizokwenda kwa mtu ambaye hayupo si mzaha. Tangu hapo sanduku langu la barua halifungi kwa vipeperushi, na vijana wanagonga mlango hata saa ya chakula.

Basi nenda kwa Kamala, utasema. Nimemsikiliza, tena kwa subira. Sina shida na rangi yake wala uanamke wake; nimekwambia nilimpa nani Aprili. Shida yangu ya kwanza ni mimba: anataka kuirudisha ile hukumu kwa sheria ya bunge, na sijamsikia akitaja mpaka wowote. Ya pili, 2019 alitaka kupiga marufuku uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba, leo anasema hapana, na gesi hiyo ndiyo inayolisha kaskazini na magharibi ya jimbo hili. Ya tatu ni mfuko wangu. Juni 2022 dizeli ilipita dola 5.50 kwa galoni. Matangi yangu mawili yanakunywa galoni 240, kapige hesabu mwenyewe. Mwezi ule sikutuma kitu nyumbani na mama alidhani nimeugua.

Na alivyopatikana! Biden amejitoa tarehe 21 Julai baada ya mdahalo wake wa aibu na Trump, wajumbe wakamalizana kwa njia ya mtandao, mgombea huyo hapo, bila kushinda jimbo hata moja kwenye kura za maoni. Ninyi mnaosema wajumbe siyo watu, huku nako wapo.

Mpaka hapo ungenihesabu kwa Trump. Lakini sikiliza habari ya mpaka. Mimi nilijaza fomu, nikapimwa kifua, nikalipa, nikasubiri. Desemba 2023 karibu watu 250,000 walikamatwa mpaka wa Mexico kwa mwezi mmoja. Asiyeona tatizo hapo anajidanganya, na wa kwanza kulalamika ni wahamiaji tuliopanga foleni. Februari akatokea seneta wa Republican, James Lankford wa Oklahoma, aliyewahi kuendesha kambi ya vijana ya Wabaptisti, akakaa na wapinzani wake wakaandika muswada mkali wa mpaka. Trump akaukataa, chama kikamfuata yeye, muswada ukafa. Walihitaji tatizo liwepo mpaka Novemba. Kwa Kichagga tuna neno la mtu wa namna hiyo, lakini barua hii kaka ataisoma mbele ya watoto.

Kisha Springfield. Mdahalo wa Septemba ulifanyika hapa kwetu, Philadelphia, nikautazama sebuleni na binti yangu. Trump akasema Wahaiti wa Springfield, Ohio, wanakula mbwa na paka wa watu. Binti akanigeukia, hakusema kitu. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, ni Republican na amezaliwa Springfield hiyohiyo; alisema hakuna ushahidi, na kwamba Wahaiti wale wamekuja kufanya kazi na wanaifanya. Yeye na mkewe wamesaidia shule Haiti kwa miaka mingi, shule yenye jina la binti yao aliyefariki. Republican wa namna ile ndiye niliyemfuata nilipoingia chama hiki. Lakini vitisho vya mabomu vilikuwa vimeshafunga shule za mji ule. Na hapa Lancaster, mtoto wa jirani yangu Mkongomani, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliulizwa darasani kama kwao wanakula paka. Mama yake alinisimulia kwa Kiswahili cha Kigoma, akicheka ile ya kuficha. Anajua mimi ni Republican. Hakuniuliza neno, na ningefurahi kama angeniuliza.

Mengine nayapita upesi. Bunduki: ninayo moja, imefungiwa, na wauaji wasiuziwe. Hukumu ya Trump ya makosa 34 kule New York: nadhani mwendesha mashtaka alimtafuta, na nadhani Trump aliyafanya. Bima ya afya: mimi najiajiri, nainunua kwenye soko lile la sheria ya Obama, na mwaka 2017 chama changu kilipotaka kuifuta, Seneta McCain wa chama hichohicho akageuza kidole gumba chini kukataa, usiku wa manane, nilipiga makofi peke yangu ndani ya lori. Mke wangu alikuwa amefanyiwa upasuaji mwaka ule. Lakini hili la Machi siwezi kulipita: Trump, mgombea wa Urais, anauza Biblia kwa dola 59.99. Mama aliinunua yake kwa kuuza ndizi, na ndani hakuna katiba ya nchi wala jina la mwanasiasa.

Hata lile nililomfuata nalo amelilegeza. Ilani ya chama ya Julai imeondoa wito wa sheria ya nchi nzima ya kulinda mimba. Sasa kila jimbo lijiamulie. Wenzangu wa kanisani wamemeza kimya. Na baadhi ya wenzangu haohao bungeni ndio walioizuia PEPFAR isipewe miaka mitano kama kawaida, kwa madai kwamba fedha zinapitia kwa watoa mimba. Mwaka huu imepata mwaka mmoja tu, hadi Machi 2025. Nilimwandikia mbunge wangu barua. Nikajibiwa kwa barua ya kuchapwa ikinishukuru kwa kuwa mwananchi makini.

Sasa karatasi ya kura iko mezani tangu Jumanne. Hapa unaweza kupiga kwa posta. Unajaza viduara vyako kwa wino, unaitia kwenye bahasha ya siri, ile ya ndani, kisha bahasha ya nje unaisaini na kuandika tarehe. Ukisahau ya ndani wanaiita kura iliyo uchi na haihesabiwi. Nimejaza kutoka chini kupanda juu. Seneti nimempa McCormick wa Republican. Mpinzani wake Casey ni mtoto wa gavana wa Democrat aliyepinga utoaji mimba mpaka kesi yake ikafika Mahakama ya Juu. Mtoto naye alikuwa hivyo, kisha akahama, na mimi sikuhama naye. Mwanasheria mkuu, mhazini, wote nimewajaza.

Nafasi ya Rais nimeiacha tupu.

Najua kaka atasema nini: mwanaume haachi shamba bila kulima. Pasta wangu anasema nimempa Kamala nusu kura. Binti yangu, ana miaka 19 na hii ni mara yake ya kwanza, anasema nimempa Trump nusu kura. Yeye anampa Kamala, kwa sababu ya mimba hiyohiyo iliyonipeleka mimi kwingine. Amenionyesha habari za wanawake wa Texas waliocheleweshewa matibabu mimba zilipoharibika, na sikuwa na jibu la kumtosha. Nilimwambia sheria zinaweza kuandikwa vizuri zaidi. Akaniuliza ni nani katika chama changu anaziandika. Nikamwambia ale.

Bahasha zake mbili ameshazifunga, zangu bado ya nje. Tarehe ya mwisho zifike ofisi ya kaunti ni 5 Novemba saa mbili usiku, kwa hiyo kesho tunazipeleka pamoja kwa gari lake, mimi nikiwa abiria. Usiku nina mzigo wa kuku wa kupeleka Virginia. Mwambie kaka fedha ya miwani nimeituma kwenye simu ya mama yako, na asiibadilishe ikawa mbolea.