Usisubiri kikao cha mwajiri, siku zako 30 zinakwisha

Usikubali kusubiri hicho kikao cha mwezi ujao. Umeandika kwamba uliachishwa kazi katika ghala la Kizota siku 19 zilizopita kwa sababu umekatwa mguu na mwajiri anadai huwezi tena kupanda ngazi za stoo, kwamba ofisa utumishi amekuahidi suala lako litatazamwa upya katika kikao hicho, na unauliza kama ungoje. Mimi niliahidiwa hivyo hivyo, nikangoja.

Nilikuwa karani wa mizigo hapa Dodoma hadi homa ya uti wa mgongo iliponiondolea usikivu wa masikio yote mawili. Tarehe 3 Machi 2016 nilipewa barua ya kuachishwa iliyosema kuwa siwezi kupokea simu za wateja, ingawa hesabu za magunia nilizifanya kwa macho na kalamu, na dawati la simu angeweza kukaa mtu mwingine yeyote. Kwa kuwa sikusikia, ofisa utumishi aliniandikia nyuma ya hati ya kupokelea mzigo: "Tulia, tunalimaliza humu humu ndani." Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Kila nilipokwenda aliniandikia tarehe nyingine, kwa mwandiko mzuri na uso wa huruma, na sitamsamehe, kwa sababu mtu anayeshika mafaili ya watumishi kila siku anaijua sheria ya muda kuliko sisi tunaofukuzwa.

Nilifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali kinachoshughulikia migogoro ya kazi, tarehe 19 Aprili. Msuluhishi aligeuza kalenda ya mezani upande wangu, akaweka ncha ya kalamu juu ya tarehe ya barua, akahesabu siku moja moja hadi 47. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 30. Niliomba kuongezewa muda, nikatakiwa kueleza kila siku niliyochelewa, na kusubiri ahadi ya mwajiri hakukuhesabiwa kuwa sababu ya msingi. Ombi likakataliwa, na hoja yangu ya ubaguzi haikusikilizwa kamwe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hoja ilikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu wake, na inasema wazi kuwa ulemavu si sababu halali ya kumwachisha kazi. Wapo watakaokutajia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, na ni kweli, lakini hakuna sheria itakayokufaa ukibisha hodi siku ya 31.

Kwa hiyo, ndugu yangu, jaza fomu namba 1 ya Tume kesho asubuhi. Mpe mwajiri nakala, hakikisha anasaini kuwa ameipokea, kisha iwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Kufungua mgogoro hakuzuii mazungumzo. Akitaka kweli kukurudisha kazini, mtapatana mbele ya msuluhishi na makubaliano yataandikwa. Siku zako 11 zilizobaki zinahesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili.