Jina la Accra: siafu, na linavyotumika mtaani

Mkuu, umeuliza kama kweli Accra, mji mkuu wa Ghana, maana yake ni "sisimizi" na kama jina hilo linabeba mji wote. Ni kweli, ila siafu anafaa zaidi kuliko sisimizi. Neno ni la Waakan, jamii kubwa ya Ghana: nkran, wale wadudu wanaokwenda kwa msafara na kuuma. Ndivyo Waakan walivyowaita Waga, wenyeji wa pwani ile, na simulizi zinasema ni kwa sababu walikuja wengi, makundi kwa makundi. Wazungu wa ngome za pwani wakaliandika walivyolisikia. Hadi leo msemaji wa Kitwi, lugha ya Waakan, atakwambia Nkran.

Wengi hawatilii maanani kwamba hilo ni jina la kupewa na majirani. Waga wenyewe mji wanauita Ga, na sehemu kongwe, kule Jamestown na Ussher Town, ni Ga Mashie. Mfalme wao ni Ga Mantse. Nadhani tukizungumzia historia yao, heshima inatutaka tutumie majina hayo.

Sasa matumizi. Ukiwa Madina (ya Ghana, si ya Saudia), ambayo imeshashikana kabisa na jiji, utamsikia konda wa trotro, yaani daladala za huko, akiita "Accra, Accra!" Anamaanisha katikati ya jiji, upande wa soko la Makola. Kwenye habari, "Accra imejibu" ni serikali ya Ghana. Cheo hicho cha mji mkuu kilianza pale Waingereza walipohamishia makao makuu ya koloni lao hapo mwaka 1877 kutoka mji wa Cape Coast. Kwa Kiswahili utakuta Akra na Accra. Mimi naandika Accra, kama wanavyoandika Waghana.