Mwanangu ana ADHD. Nimpe ufunguo wa gari?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 16, na tangu akiwa darasa la tatu daktari alituambia ana ADHD, ile hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutuliza umakini. Leseni ya kujifunzia anayo, tumeshazunguka naye kama saa ishirini. Usukani anaumudu na alama za barabarani anazijua kunishinda mimi. Lakini Jumamosi iliyopita alikuwa akitafuta wimbo redioni, mara nikaona tairi la kulia limepanda ukingo na sanduku la barua la jirani tumelikosa kwa upana wa kiganja. Nilimfokea mpaka nyumbani. Baba yake asema asiguse gari hadi afike miaka 20. Shangazi yake huko Mombasa asema ni utundu, dawa yake kiboko. Mimi nafanya kazi zamu za usiku na nahitaji dereva wa pili nyumbani. Nifanyeje?
Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mama. Shangazi tuko naye mji mmoja, msalimie, ila mwambie kiboko hakijamfundisha mtu kurudisha macho barabarani.

Nasema macho kwa sababu wewe mwenyewe umeshaandika kwamba usukani anaumudu. Kila dereva hutazama pembeni, hata mimi mwenye miaka ishirini ya kufundisha udereva. Tofauti ni muda. Mzoefu hulitupa jicho redioni, akalirudisha njiani, akalitupa tena, kama mtu anayekaanga maandazi huku akimchunga mtoto asisogelee jiko. Kijana wako jicho likishafika redioni linatia nanga mpaka wimbo upatikane. Na gari halimngojei: kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, sekunde 2 ni kama mita 54, nusu ya uwanja wa mpira umepita bila mtu kutazama.

Sisi walimu tuna lawama yetu hapa. Miaka mingi nimefundishia lile bao lenye barabara zilizochorwa na vigari vya kuchezea. Mwanafunzi anatoka akijua nani ampishe nani kwenye mzunguko. Macho yake hakuna aliyeyafundisha.

Dawa niliyoiona inafaa imetoka jimboni kwenu. Jeffery Epstein na wenzake wa hospitali ya watoto ya Cincinnati waliwachukua vijana 152 wenye ADHD, wa miaka 16 hadi 19, na matokeo yakatoka mwaka 2022 katika New England Journal of Medicine. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida. Jingine lilikaa kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, limevaa miwani inayofuata macho: ukiyaondoa barabarani kwa sekunde 2, king'ora kinalia papo hapo. Vipindi 5 tu. Kisha magari yao yakafungwa kamera kwa mwaka mzima. Kila gari liliposhtuka, kwa breki ya ghafla au kukata kona kwa nguvu, picha ilitazamwa. Waliozoeshwa king'ora waligonga au walikaribia kugonga katika asilimia 3.4 ya matukio hayo, wenzao asilimia 5.6.

Ona kwamba king'ora hakitoi mawaidha. Kufoka kwako kulianza baada ya ukingo, king'ora huja kabla yake.

Basi king'ora ni wewe. Mimi hugonga dashibodi kwa pete. Gari langu la shule limechubuka pale mahali, na wanafunzi hawaipendi pete hiyo hata kidogo. Mwambie mapema kwamba kugonga si hasira. Anzeni kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, mwendo wa polepole. Mpe kazi: washa vifuta kioo, soma kipimo cha mafuta, punguza feni. Moyoni hesabu moja, mbili. Jicho halijarudi, gonga, usiseme neno. Kazi ikiwa haijaisha, atazame njia kwanza ndipo aimalizie. Siku hiyo isizidi nusu saa, kwani akichoka hamjifunzi kitu, wewe wala yeye. Mkiingia barabarani, redio ichaguliwe gari likiwa limesimama, na simu iwe kwenye buti la gari: Ohio chini ya miaka 18 hairuhusiwi kabisa. Sheria yenu inadai saa 50 na mzazi, 10 kati yake usiku. Zichukulieni kuwa ndogo, endeleeni mpaka pete ipumzike.

Kama anatumia dawa, muulize daktari inafanya kazi kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uliona kwamba wanaume wenye ADHD walipata ajali pungufu kwa asilimia 38 katika miezi waliyokuwa wakitumia dawa. Kidonge cha asubuhi huenda kimeisha nguvu usiku, na usiku ndio wewe unamtaka awe dereva.

(Nilicheka niliposoma kwamba mwaka 2006, huko Virginia, wavulana kumi wenye ADHD, kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji, waliendesha vizuri zaidi kwa gia za mkono kuliko za otomatiki. Kumi ni wachache, usiuze gari lako. Ila nakiri klachi haimwachi mtu asinzie.)

Baba yake ana nusu ya haki. Hesabu za New Jersey zilionyesha vijana wenye ADHD hupata ajali zaidi ya wenzao kwa asilimia 36. Lakini macho hayajifunzi kwa kungoja. Akifika 20 ataanzia hapohapo, na huenda wewe hutakuwepo kitini. Nusu nyingine nakupa wewe, na usinikasirikie: zamu zako zisiwe ndizo zinazopanga siku ya kumpa ufunguo. Akianza peke yake, iwe mchana, njia moja anayoijua, bila rafiki garini.

Jumamosi rudini mtaa uleule wa sanduku la barua, redio ikiwa imewashwa. Andika umegonga mara ngapi, uniletee hesabu.