Habari ya kwanza imo mkobani mwa mtoto

Septemba 1, 2023, mnamo saa nane na nusu mchana, nilikuwa nakunja nguo simu ikalia. Mwanamke mwenye sauti ya upole alizungumza Kijapani haraka haraka, nikaambulia jina la binti yangu na neno "okaasan", yaani mama. Moyo ulinipasuka. Nilivaa ndala, nikambeba mdogo wake mgongoni, nikakimbia hadi shuleni. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la kwanza, nilimkuta amekaa sakafuni katika ukumbi wa michezo na kofia ya sponji kichwani, mwalimu kachuchumaa pembeni yake. Watoto wenzake wote walikuwa wameshachukuliwa.

Hapakuwa na tetemeko. Lilikuwa zoezi, Wajapani huliita hikitori kunren: shule inafanya kana kwamba ardhi imetikisika vibaya, na kila mzazi anakwenda kumchukua mwanawe mwenyewe. Shule nyingi hulifanya karibu na tarehe hiyo kwa sababu Septemba 1, 1923, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, watu wakiwa jikoni na moto umewaka, tetemeko kubwa la Kanto liliiangusha na kuiunguza Tokyo na Yokohama na kuua watu zaidi ya 100,000. Siku ile ilikuwa inatimia miaka mia moja. Televisheni ilikuwa imeizungumzia kwa siku kadhaa, nami nilitazama kwa makini. Nilijua ya mwaka 1923, sikujua ya saa nane mchana wa siku ileile.

Taarifa ilikuwemo chini kabisa ya mkoba, imekunjwa mara nne. Ilikaa humo tangu Julai, kabla ya likizo ya kiangazi.

Kuna jambo jingine nililoambiwa siku hiyo. Bibi mmoja jirani yetu, aliyekwenda kumchukua mjukuu wake, alijitolea kumleta binti yangu nyumbani. Mwalimu alimkatalia kwa adabu, kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye kadi yetu ya kumchukua mtoto. Mwanzoni liliniuma: mtu tunasalimiana kila asubuhi, amekataliwaje? Usiku nilipotulia nikaelewa. Siku ya tetemeko la kweli, simu zimekatika, barabara zimejaa watu, kadi ile ndiyo inayohakikisha mtoto hatoki na mtu asiyejulikana. Wiki iliyofuata nilikwenda kwa yule bibi na sahani ya maandazi, nikamwomba ruhusa ya kuandika jina lake. Akachukua kalamu, akaliandika mwenyewe.

Naishi mkoa wa Saitama tangu 2019, nafanya kazi kiwanda cha vyakula vya boksi, na nina watoto wawili. Kinamama na kinababa wanaokuja huku kusoma au kufuata wenza wao huniuliza waanzie wapi ili waijue Japani. Wengi wanataka niwaambie programu gani ya habari waweke kwenye simu. Mimi nawajibu: anza na mkoba wa mtoto. Kila jioni, kabla hujapika, ufungue uutoe kila kitu.

Shule za msingi za huku hutoa karatasi nyingi kuliko unavyoweza kudhani, hata sasa ambapo baadhi zimehamia kwenye simu. Ratiba ya wiki, orodha ya chakula cha mchana cha mwezi mzima, tangazo la kupima macho, ombi la kuleta boksi tupu la maziwa kwa ajili ya somo la sanaa. Kamera ya simu itakutafsiria, lakini hutafsiri kwa kubahatisha, kwa hiyo yakariri maneno machache kwa sura yake. Mochimono ni vitu vya kuleta. Teishutsu ni kurudisha karatasi shuleni. Shimekiri ni siku ya mwisho. Na hikitori ni kwenda kumchukua mtoto, neno hilo mimi sitalisahau. Mwombe mwalimu akuandikie furigana, zile herufi ndogo za matamshi juu ya kanji, herufi ngumu za Kijapani. Hataona ni usumbufu, maana watoto wa darasa la kwanza nao husomea hizohizo. Halafu kuna daftari la mawasiliano, renrakucho, ambalo mwalimu na mzazi huandikiana. Andika humo hata kama Kijapani chako kimevunjika. Sentensi mbili zenye makosa zinamfaa mwalimu kuliko ukimya.

Kuhusu matetemeko nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiyo yanayowatia hofu ndugu zetu nyumbani. Januari 1, 2024, saa kumi na dakika kumi jioni, tetemeko la ukubwa wa 7.6 lilipiga rasi ya Noto, upande wa pili wa nchi. Kwetu Saitama taa ya darini iliyumba polepole kama chombo kilichotia nanga. Mtangazaji wa NHK, televisheni ya umma, alikuwa anapaza sauti watu wa pwani wakimbie tsunami, na binti yangu alikuwa ameshaingia chini ya meza, ameshika miguu ya meza kwa mikono miwili, anamwita mdogo wake. Hakuna aliyemwambia. Dakika chache baadaye simu yangu ilijaa: Tanga, Dar, Muscat, wote wanauliza kama tuko hai, kwa sababu walikuwa wameona namba 7.6.

Ndiyo maana nawashauri mjifunze shindo na muwafundishe walio nyumbani. Ukubwa wa tetemeko ni nguvu yake kule lilikoanzia. Shindo ni namna ardhi ilivyotikisika pale uliposimama wewe. Kipimo hicho cha Kijapani huanzia 0 hadi 7, na 5 na 6 zimegawanywa, ya chini na ya juu. Siku ile Noto ilifika 7 kamili, na watu walikufa wengi. Kwetu ilikuwa ndogo. Sasa tetemeko likitokea natuma ujumbe mmoja kwenye kundi la familia: jina la mji wetu, shindo yetu, na "tuko salama". Mama yangu ana miaka sabini na moja na anauliza, "Shindo ngapi hapo mwanangu?"

Pia jizoezeni namba 171. Ni ya kuachiana ujumbe wa sauti wakati wa maafa, simu za kawaida zinapozidiwa. Unapiga, unabonyeza 1 kurekodi au 2 kusikiliza, kisha unaingiza namba ya simu mliyokubaliana. Tarehe 1 na 15 ya kila mwezi inaruhusiwa kujaribu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikuta ngeni siku ya shida. Sisi hujaribu tarehe 1. Mdogo hurekodi wimbo wa chekechea, dada yake hurekodi tuko wapi.

Habari nyingine kubwa za nchi hii zilinifikia kwa njia ya mkoba vilevile. Joto, kwa mfano. Agosti 5, 2025 mji wa Isesaki mkoani Gunma, jirani zetu, ulipima nyuzi 41.8, rekodi ya nchi nzima. Lakini kwetu ilikuwa imeanza Juni na Julai, kwa karatasi za kusema bwawa la kuogelea leo limefungwa kwa joto na mtoto aongezewe chai ya shayiri. Mpe chupa ya lita moja, ndogo haitoshi. Mchele nao: majira ya joto ya 2024 rafu za supamaketi zilikuwa tupu, na mwaka uliofuata mfuko wa kilo 5 ukapita yeni 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, hadi serikali ikafungua maghala yake ya akiba. Waziri wa kilimo, Eto Taku, alijiuzulu Mei 2025 baada ya kusema kwamba hajawahi kununua mchele kwa kuwa wafuasi wake humletea. Sisi tulikula zaidi basmati ya maduka ya Wapakistani, ambayo kwa pilau ndiyo yenyewe hasa.

Sasa nije kwenye habari ambayo haikuja na karatasi.

Agosti 2025 mkutano wa TICAD, unaokutanisha Japani na Afrika, ulifanyika Yokohama, viongozi wa Afrika wakaja. JICA, shirika la misaada la Japani, likatangaza mpango wa kuunganisha miji minne ya Japani na nchi nne za Afrika na kuiita miji hiyo "hometown", yaani mji wa nyumbani, za nchi hizo: Kisarazu na Nigeria, Sanjo na Ghana, Imabari na Msumbiji, na Nagai, mji mdogo wa mkoa wa Yamagata, na Tanzania yetu. Nagai ilikuwa mwenyeji wetu tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo, kwa hiyo urafiki ulikuwepo. Neno ndilo lililoleta balaa. Nchini Nigeria ilitolewa taarifa ya serikali iliyotaja visa maalumu, ambayo baadaye ilibidi irekebishwe, na nyumbani kwetu habari ziliandikwa mtandaoni kana kwamba Nagai imekabidhiwa Tanzania. Huku nako uvumi ukawaka kwamba Waafrika wanahamishiwa kwenye miji hiyo. Halmashauri zake zikapokea simu na barua pepe za malalamiko kwa maelfu. Serikali ilikanusha, na Septemba 25 JICA ikaufuta mpango wote.

Julai, mwezi mmoja kabla ya mkutano huo, kulikuwa na uchaguzi wa baraza la juu la bunge, na chama cha Sanseito kilikuwa kimepata viti 14 kwa kaulimbiu ya "Wajapani kwanza". Kwa hiyo maneno yalikuta kuni zimeshakauka.

Mimi niliulizwa pande mbili. Mjomba wangu aliandika kutoka Tanga, "Mwanangu, ni kweli Wajapani wametupa mji? Vijana hapa wanauliza fomu." Niliona uchungu, kwa sababu najua vijana hao ni akina nani na wanatafuta nini. Nilimjibu kwa sauti, polepole, kwamba ni urafiki wa miji tu, hakuna visa wala fomu, na atakayeomba fedha kwa jambo hilo ni tapeli. Jioni ileile binti yangu alirudi kutoka gakudo, kituo kinacholea watoto baada ya masomo na wakati wa likizo. Alikula kimya. Kisha akauliza, "Mama, watu wa kwetu wanakuja kuchukua mji wa watu?" Mtoto mwenzake ndiye aliyemwambia.

Miezi miwili nilikuwa nimezima televisheni kila mada ya wageni ilipoanza, nikidhani namkinga. Kumbe nilimwacha aipokee peke yake, kwa mdomo wa mtoto wa miaka tisa aliyeisikia mezani kwao. Hili ndilo ninalolisisitiza kwa mzazi yeyote mgeni: mtoto ataisikia. Jambo unaloweza kuamua ni kama atakuwa ameshalisikia kwako.

Tulifungua ramani. Nilimwonyesha Nagai, milima yake, na Tanga, na bahari katikati. Nilimwambia mji hauwezi kuchukuliwa wala kutolewa kama sahani, kwamba watu wengine waliogopa kitu ambacho hakipo, na kwamba kuogopa kwao hakumfanyi yeye kuwa mkosaji. Tukatafuta sentensi moja ya Kijapani ya kujibu, fupi, ambayo yeye mwenyewe aliipenda: "Hiyo ni habari ya uongo. Miji yetu ni marafiki." Tuliirudia akiwa anapiga mswaki. Kisha nikafungua daftari la kituo, nikaandika kwa hiragana, herufi nyepesi za Kijapani, kilichosemwa na nikaomba kisipite hivihivi. Sikutaja jina la yule mtoto. Mlezi alinijibu kwa nusu ukurasa, wenye furigana kila neno, kwamba amezungumza na watoto wote pamoja.

Sikuambii kwamba jambo hilo lilikwisha. Kwenye treni bado nasikia mazungumzo yakishuka ninapokaa, na simwambii binti yangu kwamba nimekosea kusikia. Lakini yule bibi jirani aliniuliza mlangoni, waziwazi, kama yale ya Nagai ni kweli. Nilimweleza. Akaniambia kwamba yeye alipokuwa mtoto shule yetu ilikuwa na madarasa manne kwa kila mwaka. Sasa mwaka wa binti yangu una darasa moja. Nchi nzima walizaliwa watoto wapatao 686,000 tu mwaka 2024, kwa mara ya kwanza chini ya laki saba, na namba hiyo mtaani kwetu inaonekana kwa bembea zinazoota kutu.

Septemba 1, 2025 ilikuwa Jumatatu. Karatasi ya zoezi nilikuwa nimeibandika kwenye jokofu tangu Julai, lakini kiwandani hawakuweza kunipa ruhusa. Bibi alikwenda badala yangu. Mwalimu alisoma kadi, akalikuta jina ambalo bibi aliliandika kwa mkono wake mwenyewe miaka miwili nyuma, akamkabidhi watoto wawili, mjukuu wake na binti yangu. Jioni aliniambia kwamba njiani binti yangu alimshika mkono akamvusha upande wa pili wa barabara, mbali na ukuta mrefu wa matofali, kwa sababu kuta za namna hiyo huanguka tetemeko likija. Bibi alikuwa amepita chini ya ukuta ule kwa miaka arobaini.